Mawe Juu ya Bati

Mishamo, Jumapili jioni

Mwanangu Konsolata,

Sikuulizi hali. Asubuhi tumeamkiana, mchana tumekula ugali kwenye sahani moja, na sasa hivi uko kanisani na mama yako, kwaya inakuaga kwa nyimbo ambazo najua zitakuliza. Hali yako naijua. Yangu utaijua ukimaliza kusoma.

Barua hii nitaisokomeza ndani ya buti lako la kazi, lile la kulia, kwa hiyo hutaikuta mpaka siku watakapowapeleka karakana kwa mara ya kwanza. Mama yako ameshakwambia habari za chandarua, za kuchemsha maji, za wavulana, na za kutomwazima mtu sabuni. Hayo mimi simo. Mimi nataka kukujibu lile uliloniambia Jumatano tulipokuwa tunapukuchua mahindi.

Nilikuuliza kwa utani tu, "Ukishakuwa fundi utanijengea na mimi?" Ukaendelea kupukuchua. Halafu ukasema bila kuniangalia, "Baba, mimi huku sirudi. Nirudi nijenge nini? Nyie hamjengi. Nyie mnasubiri tu."

Mama yako akakukemea. Mimi nikacheka. Lakini neno lile lilinichoma, na linanichoma mpaka sasa ninapoandika.

Ulisema kweli. Ila hujui kusubiri kwetu kulianzia wapi, na nadhani ni haki yako kujua, kwa sababu unakwenda palepale kulipoanzia.

Chuo hicho cha wananchi unachokwenda ndicho nilichosomea uashi kabla hujazaliwa. Simenti ilikuwa haipatikani kirahisi, kwa hiyo tulijifunza kwa udongo. Wiki nzima mnajenga ukuta, kozi juu ya kozi, yaani mstari wa matofali juu ya mstari, mnaweka kona, mnaacha nafasi ya dirisha, mnainua mpaka usawa wa kichwa. Ijumaa mwalimu anapita na timazi na pima maji, anaandika alama zake, halafu anasema, "Haya, bomoeni." Mnabomoa. Mnakwangua matofali, mnayapanga vizuri pembeni, na Jumatatu mnaanza upya na matofali yaleyale. Mpaka leo wanafundisha hivyo, nimeuliza.

Wenzangu walikuwa wananuna kila Ijumaa. Melkioli, huyu huyu Melkioli unayemjua, bosi wangu wa sasa, alikuwa karibu kulia. Siku moja alimwomba mwalimu ukuta wake uachwe hadi Jumapili ili mama yake apite auone. Tukamcheka mpaka tukaishiwa pumzi. Mwalimu alikataa, na Melkioli akabomoa tofali mojamoja, kwa mkono, kama mtu anayevua nguo za mgonjwa.

Mimi nilikuwa wa kwanza kushika nyundo. Nilibomoa huku naimba. Mwalimu akanisifu mbele ya wote kwamba sina kinyongo na kazi, nikavimba kichwa kweli kweli. Nilimaliza nikiwa wa kwanza darasani. Melkioli alikuwa huko nyuma, kona zake zilikuwa zinayumba kila mtu anaona. Siku ya mahafali mgeni rasmi akatuambia taifa linatusubiri, na tukapiga makofi kwa nguvu zote.

Tukarudi Mishamo na vyeti. Hatukumaliza hata msimu mmoja, neno likaja.

Hili umelisikia vipande vipande kwa wakubwa, lakini nadhani hakuna aliyekukalisha chini akakueleza. Babu na bibi yako walikuja hapa wakiwa wakimbizi kutoka Burundi, wakapewa pori, wakalifyeka, wakazeeka humo. Mimi nimezaliwa humu. Sasa tukaambiwa kwamba anayetaka uraia ataupata, lakini makazi haya yatafungwa na sisi tutatawanywa mikoa mingine, kila mtu atajua kwake huko mbele ya safari. Lini, hakuna aliyesema. Wewe ulikuwa bado unabebwa mgongoni.

Hebu fikiria mwashi anafanya nini mahali ambapo kila mtu ameshafunga mzigo. Watu waliacha kujenga siku ile ile. Nyumba ikipasuka ufa waliuziba kwa matambara. Hakuna aliyechimba choo kirefu, hakuna aliyepanda mti. Walipokuja kujenga darasa, mkandarasi alikuja na waashi wake kutoka mbali, na sisi wenye vyeti tukabeba mawe, kwa sababu alisema hawezi kumpa kazi mtu ambaye mwezi ujao hajulikani atakuwa wapi.

Na chuo kiliendelea. Kila mwaka walikuja kwenye mkutano wa kijiji, wakachukua vijana, wakawarudisha mafundi. Mimi sikilaumu, kilifanya kazi yake vizuri. Ila wale waliokuwa wanatuletea mipango ya kutuendeleza walihesabu vichwa vilivyoingia na vichwa vilivyotoka, wakaridhika, wakapanda magari yao. Sikumbuki hata mmoja aliyeuliza nani atatupa ukuta wa kujenga. Anayemletea mama yako mkaa alisomea useremala. Kijana wa pikipiki atakayekupeleka stendi kesho alisomea umeme, na wakati huo hapa nguzo ya umeme hatukuwahi kuiona. Muulize akuonyeshe cheti, anacho, kiko ndani ya nailoni.

Hasira hiyo ni yangu na sitaki kuiacha. Lakini nikiimaliza yote kwa watu wa magari nitakuwa nakudanganya, kwa sababu na mimi niliongeza yangu.

Nilijenga nyumba hii tunayoishi kwa miti na udongo, mimi mwashi wa kwanza darasani. Nilisema ya nini kupoteza tofali la kuchoma kwenye nyumba ya kuacha. Nililima tumbaku kwa sababu tumbaku ndani ya mwaka imekwisha, unauza na hudaiwi na ardhi. Fedha ya tumbaku nikanunua mabati, na mabati yale nikayaweka juu bila kuyapigilia msumari hata mmoja, nikayakandamizia mawe. Sababu nilikuwa nayo. Bati lililotobolewa ukilihamisha linavuja, na bovu halipati mnunuzi. Siku ya kuondoka nilitaka niyashushe yote yakiwa mazima, niyafunge kamba, niondoke nayo. Na nilijiona mjanja kuliko kijiji kizima. Watu walikuja kuangalia, wakaenda kufanya vilevile. Ndiyo maana ulikua ukidhani kila paa duniani lina mawe.

Mama yako alinishinda kwa kitu kimoja tu, mparachichi. Nilimkataza kuupanda. Nilimwambia matunda yake atakula nani. Akaupanda nyuma ya jiko, mahali nisipopita, na mimi nikauona umeshanipita kimo. Nilipomuuliza akanijibu, "Ewe mugabo, mume wangu, wewe ni mwashi au mlinzi wa mabati?" Unajua mama yako akianza kuchanganya na Kirundi hapo hakuna majadiliano. Maparachichi hayo ndiyo yaliyokununulia buti ulilolishika unaposoma haya.

Sasa nifike kwenye mvua ile. Wewe ulikuwa darasa la pili. Upepo ulikuja kabla ya maji, ukanyanyua bati la upande wa chumba chako, mawe yakaporomoka, bati likaruka mpaka kwenye mahindi ya jirani. Nikapiga kelele, "Bati! Bati!" Ukatoka mbio wewe, mtoto, kwenye mvua, ukalikimbilia, ukalikumbatia ili lisiende mbali. Lilikuchana mkono kutoka kwenye kiwiko karibu mpaka kwenye kiganja.

Nilipofika nililichukua lile bati nikaligeuza huku na huku nione kama limetoboka. Kisha ndiyo nikauona mkono wako.

Hujawahi kunilaumu kwa hilo. Labda ulikuwa mdogo na umesahau, labda unakumbuka na umenisitiri. Mama yako anakumbuka. Alikufunga kwa kanga yake na hakusema nami mpaka wiki ikaisha. Kovu lako nalijua kuliko uso wangu, Konso, maana kila ukinipa maji ya kunawa linapita mbele ya macho yangu.

Halafu, kama ujuavyo, neno likageuka. Tukapewa uraia wetu, tukaambiwa tunaweza kukaa. Watu walipiga ngoma hapa mpaka mikono ikavimba. Kesho yake walianza kutafuta mafundi, na unajua walikwenda kwa nani. Melkioli, yule wa kona zinazoyumba, miaka yote ile ya kusubiri alikuwa anafyatua matofali yake, anachoma, anajenga. Tulimwambia anaijengea serikali ofisi, kwamba tukihamishwa watakaa wao. Tukipita kwake tulimuuliza kama ofisa ameshaletewa meza. Yeye alijenga tu, akikosea anarudia, na kwa kurudia huko kona zake zikanyooka. Neno lilipogeuka nyumba yake ilikuwa imesimama pale barabarani, kila mtu anaiona. Haikuhitaji cheti.

Na kwangu wakaja wachache. Walikuja hapa nyumbani, wakasimama uani, wakatazama juu, wakayaona mawe, wakaniambia watarudi. Hawakurudi. Melkioli ndiye aliyenipa kazi ya kusaidia fundi, kukoroga na kupandisha udongo, na siku nilipolalamika aliniambia bila kunidharau, "Mwenzangu, mkono unao kuliko mimi. Lakini nani atamwamini mwashi anayelala chini ya mawe?"

Ungetegemea kwamba siku hiyo nilikuja nyumbani nikafyatua tofali. Sikufyatua. Nilisema tusubiri kidogo, maneno ya wakubwa hubadilika. Mwaka uliofuata nikasema tena. Tuliambiwa tukae, na mimi moyoni niliendelea kuhama. Hapo sina mtu mwingine wa kumnyooshea kidole.

Wewe ukaja saiti kuniletea chakula, ukabaki kubeba maji, ukabaki kushika kamba, na siku moja Melkioli akakuachia mwiko upange kozi ya chini. Nilikuwa juu ya jukwaa nakutazama. Uliweka tofali, ukaliondoa, ukaliweka tena, ukarudi nyuma kuangalia, ukasahau kwamba kuna watu. Nilipaswa kufurahi. Niliona wivu, tena wivu mbaya, kwa sababu ulikuwa unajifunza kwa Melkioli kitu ambacho kilikuwa changu nikupe.

Ndiyo maana walipokuja watu wa chuo, ukanyoosha mkono ukasema uashi, nilisimama mbele ya mkutano nikasema, "Huyu aandikwe ushonaji." Yule aliyekuwa anaandika alifurahi, maana wasichana wote alikuwa anawapeleka kwenye cherehani na mapishi. Ukaniuliza mbele za watu kwa nini. Nikakujibu, "Cherehani inabebeka. Ukuta utaubeba vipi?" Watu wakacheka, nikaona nimesema jambo la akili.

Ukakaa. Ukakataa cherehani, ukakaa nyumbani mwaka mzima unapalilia tumbaku yangu na kunijibu "ndiyo Baba" na "hapana Baba" tu. Mwaka huo niliuiba. Wenzako wako mbele yako mwaka mmoja kwa sababu ya woga wangu wa kuhamishiwa nisikokujua. Na hata niliporuhusu safari hii sikuruhusu kwa kuelewa. Niliruhusu kwa sababu Melkioli alikuja na mama yako wakanikalisha katikati, na nikaona aibu.

Sasa la chuo. Ijumaa yako ya kwanza itafika. Utakuwa umejenga ukuta, na nakujua, utakuwa umenyooka. Mwalimu ataupima, atakupa alama, halafu atakwambia ubomoe. Bomoa, ndivyo kazi inavyofundishwa. Lakini ukihisi uchungu, usiufiche, na wavulana wakikucheka waache wacheke. Mimi sikuusikia uchungu ule hata siku moja, nikapewa sifa, na nilichojifunza vizuri kuliko vyote pale chuoni ni kutokujali kitu kinapoanguka. Nilirudi nacho nyumbani, nikakulea humo.

Wakikuuliza kwenu wapi, sema Mishamo. Mimi nilikuwa nasema Mpanda, ili wasiniite mkimbizi. Waliniita hivyo hivyo.

Na kuhusu kurudi. Sikuombi urudi. Nimejaribu kuandika sentensi ya kukuomba, nimeifuta, karatasi imechafuka unaona. Ukimaliza, nenda wanakojenga. Ikiwa ni Inyonga, nenda Inyonga, ikiwa ni Dar es Salaam, sawa. Usije huku kumliwaza mzee ambaye alikuwa na mikono akaiweka mfukoni. Ila naogopa jambo moja, kwamba utaondoka na ugonjwa wangu bila kujua. Utapanga chumba, utaweka nguo ndani ya begi badala ya kuzitundika, utasema hapa napita tu. Utafanya hivyo mwaka hadi mwaka, mahali hadi mahali, na utajiona mjanja. Nakuomba, chumba chochote utakachopewa, hata hicho cha bweni kesho, gonga msumari utundike kanga.

Naona nimeanza kuagiza, na nilisema hayo simo. Nimalizie.

Ijumaa nilipokwenda Mpanda kukukatia tiketi, nilipita dukani nikanunua misumari ya bati, ile yenye mipira. Mama yako hajui. Leo mlipotoka tu kwenda kanisani nikaweka ngazi, nikapanda. Kwanza niliyashusha mawe. Sikujua ni mengi hivyo, yamejaza kona nzima ya uani, mengine nakumbuka uliniokotea wewe mwenyewe mtoni ukiwa huna hata meno ya mbele. Kisha nikaanza kugonga.

Mama Yudita jirani alisikia nyundo akaja mpaka uani. Akaangalia mawe chini, akaniangalia mimi juu. "Baba Konso, unashusha mabati? Mnahama?"

"Hapana," nikamwambia. "Tunakaa. Anayeondoka ni Konso."

Akageuka, akaondoka. Nadhani alikwenda kuangalia paa lake.

Nisikudanganye kwamba imekuwa kazi nzuri. Mabati yenyewe yamechoka, kutu imeyala, mahali pengine msumari unaingia bila kupigwa. Niliyatunza miaka yote yasitobolewe, na sasa hakuna anayeweza kuyanunua hata yangekuwa mazima. Nimechelewa, na hiyo naijua vizuri kuliko wewe. Nimepigilia paa siku ambayo mtu niliyepaswa kumpigilia anafunga begi.

Utakaporudi jioni hii itakuwa giza, na kesho asubuhi utakuwa na haraka ya pikipiki. Huenda uligeuka pale barabarani ukaona paa halina mawe, huenda hukugeuka. Kama hukugeuka, si kosa.

Lile bati lililokuchana mkono liko palepale, juu ya kitanda chako, la pili kutoka ukutani. Nililitambua kwa ukingo wake uliojikunja. Hilo nimelipiga misumari mingi kuliko mengine yote, zaidi ya inavyotakiwa, mpaka vidole vimeuma. Siku ile nililigeuza nikalikagua kabla ya kukutazama wewe, nikakuta ni zima. Leo limetoboka, mwanangu.

Mimi, baba yako.